Kazi ya Kioo Hujifunzwa Kidogo Kidogo

Katika maabara ya shule hakuna kifaa kivunjikacho upesi kuliko mrija wa kioo. Mrija mmoja uliokunjwa pembe mbili ndio uchukuao hewa kutoka katika chupa ya majaribio mpaka katika maji ya chokaa. Ukivunjika, wanafunzi wa meza nzima hukaa wakitazama kazi ya meza ya jirani, na siku ya mtihani wa vitendo hawawezi kutegemea walichokitazama tu. Kwa shule ya mjini shida hiyo ni ndogo. Kwa sisi tulioko Mitwero, jirani na Lindi, mrija uliokwisha kukunjwa huagizwa Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, na pengine hufika umepasuka ndani ya sanduku. Lakini mrija mnyoofu ni rahisi kufungwa na kusafirishwa, na mtu aliyefundishwa aweza kuukunja kwa dakika chache tu.

Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya mimi, mwalimu wa kemia, nitafute mafunzo ya kazi ya kioo. Nilianza kwa haja ya maabara, nikaendelea kwa kuwa kazi yenyewe inapendeza, na sasa ndiyo kazi yangu ya kujifurahisha siku za mapumziko. Wanafunzi kadhaa wameomba kufundishwa, na wazazi wameuliza kama haina hatari. Kwa hiyo Mhariri ameniomba nieleze katika kurasa hizi kioo ni kitu gani, hujifunzwaje, na mtu ajihadhari na nini.

KIOO NI KITU GANI

Kioo cha kawaida hufanywa kwa mchanga safi, magadi na chokaa. Mchanga peke yake huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,700 hivi za Sentigredi, na moto wa namna hiyo ni shida kuupata. Magadi hulishusha joto hilo. Lakini kioo cha mchanga na magadi pasipo kitu kingine huliwa na maji, basi hutiwa chokaa ili kiwe imara. Vitu hivi si vigeni katika nchi zetu. Katika Ziwa Magadi, nchini Kenya, magadi yamechimbwa kwa zaidi ya miaka 100, na viwanda vya kioo ni miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa. Dar es Salaam nako kuna kiwanda cha Kioo Limited kinachofanya chupa.

Sasa tuangalie tabia moja ya kioo ambayo ndiyo siri ya kazi yote. Barafu ikifika nyuzi 0 huanza kuwa maji. Ama ni barafu, ama ni maji. Kioo sivyo kilivyo. Kwenye nyuzi 500 bado ni kigumu. Karibu na nyuzi 700 huanza kulegea kama mshumaa uliosahauliwa juani. Kwenye nyuzi 1,000 hutiririka polepole kama asali. Basi kati ya ugumu na umajimaji kuna nafasi ndefu, na katika nafasi hiyo fundi hukunja, huvuta na hupuliza. Wazee husema samaki mkunje angali mbichi. Kioo nacho hukunjwa kingali moto, na muda wa kukikunja ni sekunde chache tu baada ya kutolewa motoni.

USHANGA WA KILWA NI KIPANDE CHA MRIJA

Watu wa pwani yetu wamevitumia vitu vya kioo kwa karne nyingi. Neville Chittick, aliyechimba magofu ya Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake mwaka 1974, alikuta shanga nyingi za kioo pamoja na vigae vya vyombo vya ng'ambo. Wataalamu waliopima kemikali za shanga za pwani hii wameonyesha kwamba nyingi zilitoka Bara Hindi. Zilikuja kwa majahazi ya msimu, zikavaliwa hapa pwani na nyingine zikapelekwa bara. Baadaye, katika karne ya 19, shanga nyingi zilizopitia Unguja kwenda bara zilitoka Venice, nchini Italia.

Nyingi katika shanga ndogo za Bara Hindi zilifanywa kwa njia ambayo mwanafunzi aweza kuielewa katika maabara yetu. Fundi alitwaa donge la kioo laini, akalitia uwazi katikati, kisha likavutwa mpaka likawa mrija mrefu mwembamba. Jambo la kustaajabisha ni kwamba tundu haliondoki. Hata mrija ukivutwa ukawa mwembamba kama unyasi, tundu hubaki katikati yake, nalo huwa jembamba kwa kadiri ile ile. Mrija ulipopoa ulikatwa vipande vidogo vidogo, na vipande vikapashwa moto tena ili kingo zake zilainike. Kila kipande kilikuwa ushanga, na tundu la kupitisha uzi lilikuwamo tayari.

Basi mwanafunzi anayevuta mrija juu ya moto wa maabara anafanya kazi ile ile iliyofanya ushanga wa Kilwa. Nawakumbusha hapa kwamba magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Ukizuru huko ukaona ushanga mchangani, utazame, kisha uuache mahali pake.

Kupuliza kulikuja baada ya kuvuta na kufinyanga. Watu walikuwa na vyombo vya kioo kwa zaidi ya miaka 1,000 kabla ya mtu yeyote kutia pumzi ndani ya kioo laini. Ufundi huo ulianza katika nchi za Sham, katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Hapo kwanza chombo cha kioo kilikuwa mali ya matajiri. Baada ya kupuliza kujulikana, vyombo vikafanywa upesi na kwa bei nafuu, hata watu wa kawaida katika miji ya Warumi wakavitumia.

MAFUNZO YA SIKU CHACHE

Nilifundishwa na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ufundi sanifu wa maabara. Alitufundisha walimu wanne kwa Jumamosi tatu, saa tatu kila Jumamosi, na kati ya Jumamosi moja na nyingine zilipita wiki mbili. Mtu aweza kudhani kwamba saa tisa kwa jumla ni chache mno kwa kazi ngumu kama hii. Mimi nami nilimwuliza sababu ya kugawa mafunzo vipande vipande hivyo.

"Mwalimu, leo utajifunza jambo moja tu," akanijibu. "Nikikufundisha matatu, wiki ijayo utakuja nayo nusu nusu."

"Na hizo wiki mbili za katikati, Mzee, nifanye nini nami sina moto nyumbani?"

Akanipa vijiti viwili vya mviringo, kila kimoja urefu wa kalamu, vilivyounganishwa ncha kwa ncha kwa kipande cha kitambaa kilichoshonwa kama soksi. Kazi ilikuwa hii: kushika kijiti kimoja kwa mkono wa kulia na kingine kwa mkono wa kushoto, kisha kuvizungusha vyote pamoja, kwa mwendo mmoja, bila kitambaa kusokoteka wala kulegea. Ijaribu, msomaji, utaona. Mkono uliozoea kuandika hutangulia, na mwingine hubaki nyuma. Kitambaa kile ni mfano wa kioo laini. Kikisokoteka, ujue kwamba mrija wako ungalisokoteka motoni.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini mafunzo mafupi yanafaa kazi hii. Mwalimu aweza kukuonyesha jambo kwa dakika kumi, lakini mkono hujifunza kwa kurudia kila siku. Mafunzo ya mfululizo huuchosha mkono, na mkono uliochoka karibu na moto ni hatari. Mafunzo mafupi hukupa jambo moja la kwenda nalo nyumbani. Dakika kumi za vijiti kila jioni, kwa wiki mbili, ni zaidi ya saa mbili za mazoezi, wala hazikugharimu hata tone la mafuta.

JUMAMOSI YA KWANZA: KUKATA NA KUKUNJA

Mrija wa kioo haukatwi kwa msumeno. Ulaze mezani, uuchore alama moja kwa ukingo wa tupa ya pembetatu. Alama iwe moja tu, wala usikwaruze mara nyingi. Ulowanishe kidogo palipochorwa. Kisha uuzungushie kitambaa, uweke vidole gumba viwili upande wa pili, ng'ambo ya alama, na uvute huku ukikunja kidogo. Mrija hukatika wima. Kingo zake ni kali kama wembe, kwa hiyo huzungushwa motoni mpaka zilainike. Usimpe mtu mrija ambao ncha zake hazijapita motoni.

Ili kuukunja, mrija hushikwa kwa mikono miwili juu ya moto mpana na kuzungushwa bila kukoma. Kwanza moto uwe hafifu, ili kioo kipate joto polepole. Halafu moto huongezwa. Utaona mwali ukigeuka rangi ya manjano. Hiyo ni sodiamu ya yale magadi niliyoyataja. Mrija ukianza kulegea kwa uzito wake wenyewe, utoe nje ya moto, ndipo uukunje, kisha uushike vivyo hivyo mpaka ukauke. Anayeukunja ungali ndani ya moto hupata pembe iliyobonyea, na hewa haipiti vizuri.

JUMAMOSI YA PILI: KUVUTA

Mrija hupashwa moto mahali padogo, ukizungushwa, mpaka kioo kinenepe kidogo. Hutolewa motoni, husubiriwa kwa muda wa pumzi moja, kisha huvutwa. Ukivutwa polepole hutoa sehemu nene. Ukivutwa upesi hutoa uzi. Ukikatwa katikati, utapata mirija miwili yenye ncha nyembamba ya kudondoshea maji au kutolea hewa. Siku hiyo kila mmoja wetu alikata vipande vya mrija wake mwembamba, akavilainisha kingo, akaenda nyumbani na shanga zake mwenyewe.

JUMAMOSI YA TATU: KUPULIZA

Siku ya mwisho ilikuwa ya kupuliza. Ncha moja ya mrija huzibwa kwa moto. Ncha hiyo huendelea kuzungushwa mpaka kioo kijikusanye na kuwa kinene, kwa sababu kioo chembamba kikipulizwa hupasuka kama povu la sabuni. Kisha mrija hutolewa motoni, na mtu hupuliza kwa ncha ya pili, huku akiendelea kuuzungusha. Si pumzi ya kuzimia taa. Ni pumzi ndogo ndogo za shavuni, kwani kioo laini hakihitaji nguvu. Donge huvimba likawa duara kama tunda la zambarau. Usivute pumzi ndani hata kidogo mrija ukiwa mdomoni.

Baada ya hapo inabaki hatua ambayo wengi huiona haina maana, yaani kupoza. Upande wa nje wa kioo hupoa mbele ya upande wa ndani, nao hujikaza. Kikipoa upesi mno, mkazo hubaki ndani yake, na chombo kilichokuwa kizima jioni hupasuka usiku pasipo mtu kukigusa. Kwa hiyo kazi ndogo ya maabara hurudishwa katika moto wenye moshi mpaka ivikwe masizi, kisha hulazwa juu ya majivu makavu. Usiilaze juu ya saruji yenye majimaji.

KAZI YA TANURI

Kazi niliyoieleza ni ya moto mdogo. Iko kazi kubwa ya tanuri, nami nilikwenda kuitazama Arusha wakati wa likizo, katika karakana iitwayo Shanga. Karakana hiyo ilianzishwa mwaka 2007, ikaanza kwa kutunga shanga. Hutoa kazi kwa watu wenye ulemavu, baadhi yao viziwi, na huyeyusha chupa zilizotupwa kuwa bilauri, mitungi ya maua na shanga. Fundi huchovya bomba refu la chuma ndani ya kioo kilichoyeyuka, hulizungusha kama mtu anayezungusha asali kwenye kijiti, hulibingirisha donge juu ya bamba la chuma, kisha hupuliza. Chombo kikikamilika hutiwa katika tanuri la pili, ambalo joto lake hushushwa kwa saa nyingi.

Huko nilitazama jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni mikono ya mafundi. Haikuacha kuzungusha bomba hata wakati waliposhauriana kwa ishara. Ni funzo lile lile la vijiti viwili, ila kwa chombo kikubwa.

Nchini Kenya pia, kusini ya Nairobi, iko Kitengela Glass, iliyoanzishwa na Nani Croze. Mwanawe, Anselm Croze, ndiye aliyeanzisha huko kazi ya kupuliza kioo cha moto. Nao hutumia kioo kilichotupwa. Nasema haya ili mwanafunzi wa Lindi asidhani kwamba ufundi huu ni wa Ulaya peke yake.

HATARI ZAKE

Wazazi wana haki ya kuuliza, nami nitajibu bila kuficha. Kwanza, kioo chenye moto hakina tofauti kwa macho na kioo baridi. Kabla ya kushika, sogeza mgongo wa kiganja karibu nacho. Ukihisi joto, kiache. Pili, vipande vidogo huruka, kwa hiyo miwani ya usalama ni lazima, na viatu viwe vya kufunika vidole. Nguo za nailoni na mikono mirefu inayoning'inia hazifai karibu na moto. Tatu, wanaoumia katika maabara za shule mara nyingi hawaumii kwa moto. Huumia wanaposukuma mrija ndani ya kizibo, nao ukavunjika na kuingia kiganjani. Mrija hupakwa glisirini au maji, hushikwa karibu sana na kizibo kwa kitambaa, na huingizwa kwa kuzungusha, si kwa kusukuma.

Iko na hadhari ya nne: usichukue chupa yoyote ya dukani ukaitia motoni nyumbani. Kioo chake ni kinene, hakipati joto sawasawa, nacho hupasuka kwa kishindo. Kazi hii ifanywe maabara, mbele ya mwalimu.

INAFAA NINI?

Mzazi mmoja aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, mtoto akijua kupuliza kioo atapata nini, nasi tunataka afaulu?"

Jawabu langu ni kwamba sayansi yenyewe imepita katika mikono hii. Michael Faraday alipoandika kitabu chake cha kazi za maabara mwaka 1827, alitia humo mafundisho ya kukunja, kupuliza na kukata kioo, kwa kuwa mwanakemia wa wakati ule alijifanyia vyombo vyake. Mwaka 1909 Ernest Rutherford na Thomas Royds walitangaza kwamba chembe za alfa ni heliamu. Jaribio lao lilihitaji mrija wa kioo mwembamba mno, ambao chembe ziliweza kuupenya lakini hewa haikuweza, na aliyeufanya ni fundi wa kioo, Otto Baumbach. Bila mkono wa fundi huyo, wazo la mabingwa wale lingalibaki karatasini.

Kwetu faida ni ndogo kuliko hiyo, lakini ni ya kweli. Mwanafunzi aliyekunja mrija mwenyewe hawezi kusahau hewa inapita wapi, wala kwa nini mrija mmoja huishia juu ya maji na mwingine chini yake. Na meza iliyovunjikiwa na mrija asubuhi yaweza kuwa na mwingine kabla ya kipindi kwisha.

Muhula ujao nitafundisha wanafunzi sita kwa Jumamosi tatu, kwa mpango ule ule niliofundishwa mimi. Idadi ni sita kwa sababu ndiyo mikono niwezayo kuitazama kwa wakati mmoja. Kila mmoja alete barua ya mzazi na viatu vya kufunika. Lakini yeyote atakaye aweza kuanza leo: tafuta vijiti viwili, shona kitambaa katikati, uvizungushe dakika kumi kila jioni. Nitawachagua wale ambao kitambaa chao hakisokoteki.